Hesabu ya Mikaratusi Arobaini

Mashine ilifika Mautuma saa moja asubuhi
ikivutwa na trekta, reli zake zimefungwa kamba
kama mgonjwa anayerudishwa nyumbani.
Elfu sita kwa siku. Petroli juu yangu.
Bledi ikivunjika, juu yangu.
Mvua ikinyesha, siku inahesabiwa.
Nilitia sahihi juu ya tangi la mafuta,
karatasi ikanuka kabla wino haujakauka.

Kakangu Andeka alisimama kando, mikono mfukoni.
Juzi alikuwa amekuja na picha kutoka duka la Eldoret:
laki nane na nusu, rangi ya machungwa,
magurudumu mawili, dhamana ya mwaka.
Uza kona ya shamba, Mmbone. Kopa chama cha maziwa.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Matako ni yangu, nikamwambia,
na baridi nimeizoea.

Lakini usiku sikulala.
Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la Lijodi,
baada ya ngeli, kabla ya methali:
miti arobaini, siku nne, tano mambo yakiharibika.
Kisha miti ya nani?
Ya jirani, ya kanisa, ya mjane wa Matete,
kisha miti ya nani tena?
Kukodi kunahesabu mchana.
Mkopo unahesabu na usiku,
unahesabu Krismasi, unahesabu matanga,
unahesabu wewe ukiwa umechoka kuhesabu.

Nikamkumbuka Chemiron wa Turbo.
Yeye alinunua. Tukaenda kuishangilia, tukala mbuzi.
Mwaka ule wakapiga marufuku ukataji,
mashine ikalala zizini,
kuku wakataga juu ya injini
na benki ikataga barua.

Basi, Songok akavuta kamba, injini ikakohoa, ikashika.
Ubao wa kwanza ukafunguka
mwekundu, mbichi, ukinuka dawa ya kifua,
na kwa muda nikasahau pesa.
Sikujua mti nilioufunga ng'ombe miaka yote
una rangi ya ndani ya mdomo.

Saa tisa mvua ikaja. Tukachuchumaa chini ya turubai,
mimi, Songok, vijana wawili wa kubeba magogo,
tukiitazama elfu sita ikilowa.

Mti wa kumi na tisa ulipiga yowe.
Bledi ikaruka, ikalala kwenye nyasi kama nyoka aliyepigwa.
Songok akachimbua kwa patasi:
msumari wa inchi nne, mweusi, umemezwa na mti.
Nikautambua.
Baba aliupigilia usiku wa matanga ya mama
ili karabai ipate pa kutundikwa.

Elfu tatu na mia mbili, Songok akasema,
kwa sauti ya mtu anayetoa pole.
Andeka akacheka: ungekuwa na yako...
Ingekuwa yangu, ingevunjika vilevile.
Nikalipa. Msumari nikautia mfukoni,
mkataba haukuutaja.

Ijumaa trekta ikaondoka nayo,
ikielekea kwa mwingine, na sahihi nyingine.
Nikabaki na mbao zilizopangwa kwa vijiti katikati zipumue,
mabanzi ya kupikia hadi Agosti,
na kilima cha unga wa mbao
ambacho sikuwa nimekiandika popote.
Mama mmoja mfuga kuku akaja na magunia kumi.
Andeka, ambaye hakuwa ameulizwa,
akamtajia bei.

Visiki sasa vimetoa macho ya kijani.
Havikuuliza msumeno ulikuwa wa nani.
Miaka kumi na miwili, labda kumi,
Lijodi atakuwa na ndevu na mawazo yake,
anunue akitaka, akodi akitaka,
mradi aguse kila shina kwanza kwa kiganja.

Daftari nililirudisha.
Mwalimu ameandika chini ya hesabu yangu
kwa wino mwekundu: Hii si insha.